Wanafunzi wa kompyuta wajaribu malipo ya M-Pesa

Mhariri,

Binti yangu anasomea kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Mtihani wa kuunda tovuti aliufanya kwa kalamu na karatasi! Kuhusu programu zinazoundwa kwa huduma zinazowasiliana mtandaoni, alikariri maana tu. Ilhali jiji lenyewe linaendeshwa hivyo: duka la mtandaoni hutuma ombi kwa M-Pesa, simu ya mnunuzi ikamtaka aweke PIN, kisha jibu likarudi dukani. Safaricom, kupitia Daraja, jukwaa lake la kuunganisha programu na M-Pesa, ina mazingira ya majaribio ambako mwanafunzi anaweza kujaribu haya. Wahadhiri waanzie hapo. Halafu waulize: jibu likichelewa na mteja akabonyeza tena, programu itamzuiaje asitozwe mara mbili?

Mzazi,
Kasarani, Nairobi