Makorongo hayavuti tetemeko

Ndugu Mhariri,

Kijijini kwetu, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa wilayani Manyoni, tumo katika ugawaji wa viwanja. Mkutanoni mzee mmoja alisimama akasema waliojenga kando ya korongo wahame, kwa kuwa makorongo huvuta tetemeko. Watu wakampigia makofi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, naomba nafasi nimjibu kwa heshima.

Korongo halivuti tetemeko. Huweza kuyatawanya mawimbi yake, lakini kwa kutegemea ukubwa wake. Wimbi linalotikisa ardhi mara 5 kwa sekunde, likisafiri kwenye mwamba kilomita 2 kwa sekunde, lina urefu wa mita 400. Korongo lililochimbwa na mvua, lenye upana wa mita sita au saba, ni mkwaruzo tu kwake. Kinachomtisha mwenye nyumba pale ni maji ya masika, na Kondoa wanalijua hilo tangu kabla ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) wa mwaka 1973.

Mambo hugeuka upana wa bonde unapokaribia urefu wa wimbi. Mwaka huohuo wa 1973, mtaalamu wa matetemeko M. D. Trifunac alichapisha hesabu za bonde la umbo la nusu duara. Wimbi likija kwa ubavu, ukingo wa upande linakotoka hutikisika zaidi, maana linalokuja hukutana na lililogonga ukuta likarudi. Ng'ambo huwa kama kivulini. Kuta zikiwa wima hurudisha mengi. Zikiwa za mteremko mpole, mengi hupita.

Kwa hiyo cha kuogopa ni ule ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa tunaoutazamia Bahi, ambao hakuna aliyeutaja. Kwa kawaida kilele cha genge hutikisika kuliko chini yake. Huko California mwaka 1971, kipimo kilichokuwa juu ya mwamba mwembamba kando ya bwawa la Pacoima kilirekodi mtikisiko uliozidi nguvu ya mvutano wa dunia. Wataalamu walibishana umbo la mlima lilichangia kiasi gani.

Nasi tunapima viwanja hadi ukingoni kwa sababu ya mandhari! Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, si mbali. Halmashauri iwaombe waweke kipimo kimoja juu na kingine chini, matetemeko madogo yarekodiwe, ndipo vigingi vya ukingoni vipigwe.

Mwalimu mstaafu,
Manyoni