Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Winnipeg, Kanada

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za siku nyingi? Nawasalimu mliotoka Moshi, Tanga, Mombasa, Bukavu na Bujumbura, pamoja na watoto wetu waliozaliwa hapahapa katika mkoa wa Manitoba ambao leo wamekaa mstari wa nyuma.

Nianze na aliyetutangulia. Januari, wiki ile ya nyuzi 30 chini ya sifuri, tulimpoteza bibi yetu mpendwa, mmoja wa watu saba walioanzisha chama hiki chetu wazungumzaji wa Kiswahili. Usiku ule wa mwisho wanawe walikuwa bado njiani. Aliyekaa naye akimshika mkono ni muuguzi wa Kifilipino, akimwita Nanay, yaani mama. Bibi hakujua Kitagalogi na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini binti yule alitueleza kwamba Bibi alikuwa akimjibu kwa Kiswahili mpaka alfajiri. Siku ya maziko alikuja, akasimama pamoja nasi kwenye theluji. Naomba tusimame dakika moja kwa ajili ya marehemu.

Asanteni.

Mjue kwamba taarifa yangu ya mwaka huu itawataja sana majirani zetu Wafilipino. Ndivyo mwaka ulivyokwenda.

Tarehe 26 Aprili tulikutana kusherehekea Muungano. Tulikwisha kula, kina mama wanakusanya vyombo, ndipo simu zikaanza kuleta habari za Vancouver. Gari lilikuwa limeingia kwenye umati wa watu katika sherehe ya Wafilipino ya Lapu-Lapu, yule chifu wa Mactan aliyemshinda Magellan mwaka 1521. Watu 11 walifariki na makumi wakajeruhiwa. Hakuna aliyewasha muziki tena usiku ule.

Kamati ikaamua twende kuwahani majirani zetu Wafilipino. Kuna aliyeuliza kama tumealikwa. Nilimjibu, na leo narudia mbele yenu, kwamba kwetu msiba hauna mwaliko. Tulikwenda watu 14, na sufuria ya pilau, na bahasha ya rambirambi. Tulipoingia, kijana mmoja wa kwao alimwendea mzee wetu mkubwa, akainama, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndiyo mano, salamu yao ya adabu kwa wakubwa. Mzee wetu hakuwahi kuambiwa habari za mano. Lakini mkono wake wa pili ulikwenda wenyewe kwenye bega la kijana, akasema, "Marahaba, mwanangu." Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nimeongoza chama hiki miaka minne na sijaona jambo lililonigusa kuliko hilo.

Sasa furaha. Kijana wetu wa Moshi amemwoa binti wa Kifilipino, mzaliwa wa jiji hili. Mwezi Mei tulikwenda kuposa, na mshenga wetu alikuwa amejiandaa kueleza mila kwa wageni. Haikuhitajika. Wao wanaita pamamanhikan, neno linalotokana na kupanda ngazi za nyumba, kwa kuwa upande wa mwanamume ndio hupanda kwenda kwa wazazi wa binti, na hawaendi mikono mitupu. Baba wa binti alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali matatu mazito kuhusu kazi, kanisa na lugha ya watoto watakaozaliwa, kisha akasema tule kwanza. Wazee wetu walitazamana, maana hata kwa kina Mangi, yaani Wachaga wa Moshi, mambo huenda vivyo hivyo.

Harusi ilikuwa Agosti. Siku tisa kabla, mwenye ukumbi tuliokuwa tumelipia alituarifu kwamba ameupangisha kwa wengine, na arubuni yetu aliirudisha baada ya mwezi mzima. Jambo hili liliniuma sana, nami nakiri kosa letu: hatukuwa na mkataba wa maandishi. Ndugu wa bibi harusi ndio waliotupatia ukumbi wa parokia yao kabla jua halijazama.

Kanisani maharusi walipewa sarafu 13 na kufungwa kamba moja mabegani. Ukumbini mbuzi wetu wa ndafu na nguruwe wao mzima wa kuchoma walikaa kwenye meza mbalimbali, na nawashukuru vijana waliosimamia vyombo visichanganywe, ili Waislamu wetu wale bila wasiwasi. Wakati wa kutunza ulipofika, shangazi zake bwana harusi wakaingia na noti mkononi, wakakuta shangazi za bibi harusi wameshatangulia na zao, wanazibana kwa pini kwenye shela! Vigelegele vilivyopigwa sitavisahau.

Mengine kwa haraka. Watoto wanne wamezaliwa. Wanachama watano wameapishwa kuwa raia wa Kanada. Moto wa misitu ulipowahamisha watu wa kaskazini mwa mkoa kuanzia Mei, baadhi yenu mlipeleka blanketi na nepi bila kusubiri kamati, nami nawapongeza. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Darasa la Kiswahili la Jumamosi ndilo linaloninyima usingizi. Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, tulikuwa na watoto 11, wakaimba na kutega vitendawili. Baridi ilipoingia walibaki watatu. Mwalimu amekuwa akihama kutoka sebule moja hadi nyingine, akibeba ubao wake ndani ya gari.

Wenzetu walianzaje? Kuanzia 1968 wanawake wa Kifilipino waliletwa Winnipeg kushona katika viwanda vya nguo. Mwaka 1981 Conrad Santos akachaguliwa kuingia bunge la mkoa, na mwaka 1988 Rey Pagtakhan akawa mbunge wa taifa kule Ottawa. Leo wana kituo chao Keewatin Street, na ziko shule za umma kaskazini mwa jiji zinazofundisha watoto kwa Kiingereza na Kifilipino. Ni kweli wao ni wengi, zaidi ya 70,000 katika jiji hili. Lakini nilipomuuliza mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani walianza na nini, hakutaja serikali. Alitaja paluwagan. Aliponieleza nikatambua kwamba ni upatu uleule, likelemba ya ndugu zetu wa Congo: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Tofauti ni kwamba wao waliweka zamu moja iliyokuwa ya jumuiya, na hakuna aliyeigusa.

Kamati inaleta pendekezo hilohilo. Katika upatu wetu wa watu 20, tuongeze zamu ya 21, ya chama. Itumike kwanza kupanga chumba cha darasa kwa mwaka mzima, kwa mkataba uliosainiwa. Mfuko wa misiba usiguswe. Najua wapo wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi na hawana ziada. Hao waje kwangu faragha, tutaelewana.

Mwisho ni mwaliko. Kuanzia tarehe 16 Desemba Wafilipino wanasali Simbang Gabi, misa tisa za alfajiri kabla ya Krismasi, na wametuomba tujiunge nao katika kifungua kinywa. Mwaka jana mama yetu wa Tanga alionja bibingka yao, ya unga wa mchele na tui la nazi, akasema huu ni mkate wa kumimina uliokosa iliki. Mwaka huu wamemwomba aje na iliki yake. Anayeweza kumpa lifti saa kumi alfajiri aandike jina kwa katibu, karatasi ya kura ya zamu ya 21 iko hapohapo mezani.