Kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombi

Wanangu katika Bwana,

Liko jambo linaniuma: tumezoea kugeuza aibu ya mtu kuwa ombi. Kiongozi anashusha sauti na kusema, "Tumwombee binti yetu fulani, wengine mnajua hali yake." Wasiojua wanaulizana mlangoni. Jumapili binti anakaa benchi la nyuma, inayofuata haonekani kabisa. Huo ni umbea, hata tukiufunga kwa Amina.

Katika Mathayo 18 Bwana Yesu aliweka utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa, na hatua ya kwanza ni "wewe na yeye peke yenu." Kanisa huambiwa baadaye, mtu akikataa kuwasikia hata mashahidi. Sisi tunaanzia kanisani, na mara nyingi mhusika mwenyewe hatujamwendea.

Mtaniuliza: basi dhambi isikemewe? Ikemewe. Paulo hakuwabembeleza Wakorintho juu ya mtu aliyeishi na mke wa baba yake. Aliagiza aondolewe kati yao. Lakini katika waraka wa pili anamtaja mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, anataka asamehewe na kufarijiwa, "asije akamezwa katika huzuni yake ipitayo kiasi." Awe ni yule yule au mwingine, agizo liko wazi: adhabu ina mwisho wake. Kwetu kutengwa hutangazwa mbele ya ibada nzima, na kurudishwa kundini hufanyika ofisini kimyakimya. Kwa nini furaha ndiyo ifichwe?

Tena adhabu yenyewe huchagua. Binti mwenye mimba anasimamishwa, kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya. Walawi 20:10 inawahukumu wazinzi wote wawili, mwanamume na mwanamke, lakini katika Yohana 8 waandishi na Mafarisayo walimleta mwanamke peke yake, wakisema amefumaniwa. Aliyefumaniwa naye alikuwa wapi? Swali hilo liulizwe katika kila kikao chenu cha nidhamu, kabla ya jina lolote kuandikwa.

Na wako wanaobeba aibu bila kosa lolote: anayeishi na virusi vya ukimwi, mke asiyepata mtoto, wazazi ambao mtoto wao amejiua. Tunawatafutia dhambi kama wanafunzi walivyomtafutia yule aliyezaliwa kipofu. Yesu alikataa swali lenyewe: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Ninawaomba, jina la mtu lisitajwe tena kwenye maombi bila ridhaa yake. Na hao walioacha kuja, wafuateni nyumbani kwao, wawili wawili, bila maswali. Wakitaka kusema, wasikilizeni, na mtakayoyasikia yabaki humo ndani. Wasipotaka, ketini nao, ombeni, muwaage, na siku nyingine mrudi tena.

Ni mimi mzee wenu, niwapendaye.