Asante, kaka wa De Pijp

Kaka uliyekuwa unanunua samaki soko la Albert Cuyp, mtaa wa De Pijp, Amsterdam, jina sikukuuliza, kwa hiyo shukrani nazituma hivi hivi. Ulitusikia tukibishana kwa Kiswahili, ukatusalimia, ukatuambia tuachane na foleni za watalii kwenye kofishopu (yale maduka yanayouza bangi) za katikati ya mji. Ukaacha shughuli zako, ukatupitisha mitaa ya nyuma ya De Pijp. Kofishopu haziruhusiwi kujitangaza, ndiyo maana zile ndogo mgeni huzipita tu.

Njiani ukatupa masharti: miaka 18 kwenda juu, kitambulisho mkononi, mwisho gramu 5 kwa mtu, pombe haiuzwi. Na kwamba bangi huko haijahalalishwa, inavumiliwa tu. Hilo wengi wetu hatulijui!

Ile kofishopu yenye paka dirishani ndiyo iliyonikaa moyoni. Wazee wawili wanacheza drafti, muuzaji anapima kwenye mizani mbele yako, anakuuliza kwanza kama umekula. Mwenzangu hakuvuta hata kidogo. Aliagiza chai ya mnanaa, na hakuna aliyemshangaa.

Ukiisoma hii, nitafute. Ile kahawa uliyoikataa bado unanidai.