Likisema "tak" halafu kimya

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Swahiba,

Salaam nyingi. Habari ya gari lako kukugomea sokoni nimeipata, na nimecheka peke yangu, maana langu limenifanyia vilevile mwezi huu. Kabla sijakuuliza hali ya nyumbani: usinunue betri kwanza. Nakujua wewe.

Mimi nusura niinunue. Kale kazee kangu keupe, nikizungusha ufunguo kanasema "tak!" mara moja, halafu kimya. Honi inalia, taa za dashibodi zinawaka vizuri tu. Fundi wa mtaani akaja, akasikiliza, akasema betri imekufa. Nikaazima ya jirani, tukaifunga: tak! Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati wasukume, nikawakumbusha kuwa ni gari la auto, wangelisukuma hadi Pangani lisiwake. Mzee mmoja akachukua spana kubwa, akaigonga stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, mara tatu. Nikazungusha, likawaka! Mzee akashangiliwa kama kafunga goli. Kesho yake asubuhi: tak.

Ndipo nikakumbuka nina mita ya kupimia umeme kabatini. Betri imetulia, inasoma volti 12.5. Nikamwambia kijana wangu azungushe ufunguo huku nimeigusisha mita kwenye vichwa vya betri: 12.4. Sasa fikiria. Stata ikizunguka inakula umeme kwelikweli, hata betri nzima hushuka hadi 10 na kitu. Iliyochoka ingezama hadi 8 au chini yake, na taa zingefifia. Yangu haikushuka kwa sababu hapakuwa na mlaji! Nikapima kwenye stata yenyewe, pale unapofungwa waya mnene, nako kuna 12. Umeme unafika mlangoni, ndani hauingii.

Kuishusha stata kulinichukua asubuhi nzima. Anza kwa kutoa waya wa nagetivu kwenye betri, tena hili usilichezee: ule waya mnene kwa kawaida hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi utaona radi. Kwangu zilikuwa bolti mbili namba 14, na nati ya 12 kwenye waya. Nati hiyo ikaniponyoka ikapotelea chini ya injini, nikaitafuta saa zima kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Mama watoto akaja na chai, akanitazama nilivyolala chini, akarudi nayo.

Ugonjwa ulikuwa kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata. Fungua kifuniko chake cha nyuma, utakuta kijiti cha chuma chenye kisahani cha shaba. Ukizungusha ufunguo, sumaku inakivuta, kisahani kinabana vipande viwili vya shaba, na hapo umeme unapita kwenda kwenye mota. Ile "tak" ni kijiti hicho kikifika mwisho wa safari yake. Kwangu kipande kimoja kilikuwa kimeliwa na cheche miaka yote hii, mwenziwe yuko juu, kisahani kinamgusa huyo mmoja tu. Mzee alipogonga, kikakaa sawa kwa bahati. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, nilizitazama, bado ndefu, nikaziacha.

Usihangaike na msasa. Utang'arisha shaba lakini pengo litabaki palepale. Mimi nilikwenda duka la spea na kile kipande mkononi, nikapata seti ya vipande viwili na kijiti chake, bei haikufika hata robo ya betri. Unapovifunga hakikisha vimelingana urefu, la sivyo umerudi ulikotoka. Na ukiijaribu stata chini kabla ya kuirudisha, ikanyage sawasawa. Mimi niliishika kwa mkono mmoja, ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu.

Sasa kazee kanawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo.

Naomba unitumie namba mbili: betri ikiwa imetulia, na ufunguo ukiwa umezungushwa. Ya pili ikianguka hadi 8, basi maneno yangu nayarudisha, betri ina kesi. Ila safisha kwanza ule ungaunga mweupe kwenye vichwa vyake, niliuona tangu Idi nikanyamaza.

Wasalimie wote hapo, na shemeji mwambie ile sufuria yake nitairudisha.

Ni mimi,
swahiba wako mwenye grisi kuchani