Neema, hesabu upya watu wa Beardstown

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mgongo wa baba yako umepoa, na mdogo wako anakula kama mchwa. Hiyo ndiyo habari yote ya familia, sasa tuje kwenye kazi yako ya chuo juu ya mji wetu huu, Beardstown, Illinois, hapa Marekani.

Niliisoma Ijumaa jioni nikiwa kaunta dukani kwetu, ukurasa mmoja, mteja mmoja, ukurasa mmoja, mteja mmoja. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Beardstown ni "mji unaopungua, wenye uchumi dhaifu", mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu saba na kwenye friji ya samaki imebaki barafu tu. Nikacheka peke yangu mpaka yule mama wa Kitogo akadhani namcheka yeye. Ila usiku sikulala. Unajua kuna karatasi inayosubiri sahihi yangu. Mwenye nyumba anauza jengo la duka na ametupa sisi nafasi ya kwanza. Ni akiba yote ya miaka tisa, mama, pamoja na mkopo juu yake. Halafu binti yangu msomi ananiambia kwamba mji wenyewe unaondoka.

Basi nimekaa siku tatu nikiifanya kazi yako upya. Usinikasirikie.

Namba zako ni za kweli. Sensa ya 2010 ilikuta watu 6,123 na ya 2020 ikakuta 5,951, kwa hiyo wamepungua 172. Lakini umeanza hadithi katikati, kama mtu aliyefika msibani siku ya tatu akauliza mbona watu wanakula na kucheka. Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 walikuwa 6,338. Mwaka 1990 wakawa 5,270. Hapo ndipo mji ulipovuja. Zaidi ya watu elfu moja walipotea ndani ya miaka kumi, karibu mmoja katika kila sita. Fikiria mtaa wetu, kila nyumba ya sita ifungwe na nyasi ziote mpaka dirishani.

Sababu yake hukuiandika, na ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Miaka ya themanini wakulima wa ukanda huu walizama kwenye madeni na benki zikachukua mashamba. Juu ya hilo, Oscar Mayer, waliokuwa na kiwanda cha nguruwe hapa, wakafunga. Kampuni nyingine, Cargill, wakakichukua na kukifungua tena mwaka 1987, kwa mshahara wa chini kuliko ule watu waliouzoea. Wenyeji wengi wakatikisa kichwa. Kijana aliyemwona baba yake akijenga nyumba kwa mshahara wa kiwanda kilekile hawezi kusimama kwenye laini ileile, na kisu kilekile, kwa pesa pungufu. Wengine wakahamia Springfield, wengine mbali zaidi. Kiwanda kikawa na nguruwe na visu, kikakosa mikono.

Mikono ikaja kutoka mbali. Walianza Wameksiko, miaka ya tisini, wengi wao wa jimbo la Michoacán. Miaka ya mwanzo ya 2000 wakafuata Watogo, kisha Wakuba, watu wa Puerto Rico, Wakongo, na sisi wachache tuliookota bahati nasibu ya viza. Serikali ya Marekani ilikuwa ikitoa viza hizo zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na moja ikaangukia Kigoma, kwa baba yako, ambaye alikuwa hajawahi kushinda hata bahati nasibu ya soda. Kufikia 2010 mji ukawa umepanda tena hadi hao 6,123 ulioanza nao wewe, na karibu theluthi moja yao ni watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Kihispania. Waondoe hao kwenye hesabu uone kinabaki nini. Mwaka 1990 hapa walikuwa Wazungu karibu watupu.

Na hawakuwa Wazungu watupu kwa bahati mbaya. Kurasa mbili nzima umempa Abraham Lincoln na kesi yake ya 1858, alipokuwa bado wakili, kabla ya kuwa Rais. Sawa, mahakama ipo pale uwanjani, watalii huja kuipiga picha, na mimi mwenyewe napenda namna alivyomshika shahidi aliyedai kuona mauaji kwa mwanga wa mbalamwezi. Akafungua almanaka, kile kitabu cha tarehe na nyakati za mwezi, akaonyesha mwezi ulikuwa wapi saa ile, kesi ikaisha. Lakini hukuandika kwamba mji huu ulikuwa mmojawapo wa ile miji ya Illinois ambako mtu mweusi hakutakiwa jua limzamie. Wala hukuandika kwamba mwaka 1996 msalaba ulichomwa moto hapa mjini na watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, wakaja kuandamana, kwa sababu ya hao Wameksiko. Wewe ulikuja una miaka sita, ukaingia darasa la Kiingereza na Kihispania, ukarudi nyumbani unaniomba maji kwa Kihispania. Kwako mji umekuwa hivi siku zote. Ungeyaweka hayo, msomaji angeelewa kwamba 6,123 ya mwaka 2010 na 6,338 ya mwaka 1980 ni miji miwili tofauti yenye jina moja.

Sasa hao 172.

Unakumbuka kiangazi cha 2020? Korona ilikuwa imeshika viwanda vya nyama nchi nzima, na mwisho wa Aprili Rais alikuwa ameshatoa amri kwamba vibaki wazi. Ndipo karani wa sensa akaja mtaani na barakoa yake. Niko kibarazani nachambua mboga, namwona anagonga nyumba ya jirani. Kwenye nyumba ile mimi nilikuwa najua watu tisa kwa majina na kwa madeni yao. Mlango ukafunguka nusu, kijana akasema wako wanne, ukafungwa. Unaweza kumlaumu? Mwaka mmoja nyuma serikali ilikuwa imetaka kuweka kwenye fomu swali la uraia. Mahakama ya Juu ya Marekani ikalizuia mwezi Juni 2019, ila hofu haisomi hukumu za mahakama. Na watu hapa hawajasahau Aprili 2007, usiku ule maofisa wa uhamiaji walipowakamata watu zaidi ya 60 waliokuwa wakifanya usafi wa kiwanda. Sisi tulikuwa hatujafika bado, lakini tulivyosimuliwa ni kama tulikuwepo.

Mwalimu wa hesabu anayenunua ndizi kwangu ndiye aliyenionyesha jambo hili kwenye simu yake. Ofisi ya sensa yenyewe ilikiri mwaka 2022 kwamba hesabu ya 2020 iliwaruka Walatino kwa karibu asilimia 5 nchi nzima, na watu weusi kwa zaidi ya asilimia 3. Jimbo la Illinois peke yake lilipungukiwa na karibu asilimia 2. Piga asilimia hizo kwa mji kama wetu uone kama hao 172 bado wanakutisha. Inawezekana wapo walioondoka kweli, sikatai, hata mimi nina majina yangu. Ninachosema ni kwamba ushahidi wako ni wa mbalamwezi, na almanaka hukuifungua.

Mimi nina sensa yangu, ya kila Ijumaa. Zamu ya kwanza inapotoka, kabla sijaona mtu nasikia milango ya magari. Wanaingia na alama ya kofia ngumu bado ipo kwenye paji la uso. Mle ndani wanashinda kwenye ubaridi kama wa friji, kwa hiyo siku hizi naweka chupa ya chai ya tangawizi kaunta, bure, na hakuna anayetoa pesa mfukoni kabla hajakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole vilegee. Kisha ndiyo hesabu inaanza. Watogo wananunua mawese na unga wa fufu. Wakongo wanataka sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa na mawese. Wameksiko huja kwa ajili ya pilipili na kadi za simu. Mimi mwenyewe mtu wa Kigoma, niliyekua nanuka mawese toka tumboni, sikujua kwamba yatakuja kunilisha Illinois. Madumu yakiisha kabla ya Jumapili najua zamu imeongezewa watu. Yakibaki hadi Jumatano, kuna laini imepunguzwa masaa, na daftari la mikopo linanenepa. Mwezi mmoja kabla gazeti halijaandika, daftari limeshajua.

Wakimaliza kununua, wanajipanga pembeni na simu zao, wanatuma. Lomé kule Togo, Michoacán, Kigoma. Nusu ya maongezi ya pale kaunta ni bei ya saruji ya nchi nyingine. Wewe umeandika kipato cha kaya ukasema ni kidogo, sawa, lakini kaya zenyewe zina mlango mmoja hapa na mlango mwingine ng'ambo ya bahari. Ile nyumba ya watu tisa imeezeka paa tatu Lomé. Kwa macho ya sensa ni nyumba maskini ya kupanga.

Sasa nikupe haki yako, maana kuna mahali umenichoma kweli. Ulisema uchumi ni dhaifu. Mimi ningesema umesimama kwa nguzo moja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mahindi na soya vimetuzunguka pande zote. Mengine yanashuka na matishari kwenye mto Illinois hadi Mississippi na New Orleans, mengine yanaliwa na nguruwe, na nguruwe wanaishia pale kiwandani. Reli ipo, tikitimaji za kwenye mchanga zipo, shule na zahanati vipo, lakini kiwanda kikipiga chafya sote tunashika leso. Biashara ya nguruwe si ngeni hapa. Tangu miaka ya 1830 walikuwa wakichinjwa na kusafirishwa kwa meli za moshi. Tofauti ni kwamba zamani mwenye nguruwe alikuwa anaonekana sokoni. Mwaka 2015 Cargill waliwauzia JBS, kampuni ya Wabrazili, biashara yao yote ya nguruwe kwa dola bilioni 1.45, kiwanda chetu na kile cha Ottumwa, Iowa, vikiwa ndani ya mfuko mmoja. Tuliamka tajiri ni mwingine. Mimi hapa nasumbuka wiki nzima juu ya jengo moja lenye paa linalovuja.

(Bibi yako wa Ujiji bado tunamwambia "kiwanda cha nyama". Juzi kauliza, nyama ya nini? Baba yako akasema mtandao unakatika. Nakuomba uendelee kutunza siri hii, ana miaka themanini na moja.)

Nilimweleza baba yako yote haya Jumapili usiku, na namba nimeziandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: wakifunga, jengo utamuuzia nani? Sikuwa na jibu. Kisha akauliza lingine: na mwenye duka lililokuwa hapa mwaka 1987, aliuza kwa nani? Hilo nilikuwa nalo, maana hati ya jengo ninayo. Aliliuza miaka michache baadaye kwa bei ya kutupa, kwa mtu ambaye baadaye alilipangisha kwa Mmeksiko wa kwanza kufungua duka la mikate mtaa huu. Yule aliyenunua ndiye huyu mzee anayeniuzia mimi leo, na bei yake si ya kutupa hata kidogo.

Nimeweka sahihi jana. Nimeomba mkopo wa miaka kumi badala ya ishirini, malipo yatatubana, lakini sitaki kuazima wakati ambao sijui kiwanda kitakuwa cha nani. Chumba cha juu tutapangisha. Kuna vijana wanne wa Kikongo wameshauliza, wa Kinshasa, Kiswahili chao ni cha kuokoteza na Kilingala changu ni kibaya zaidi, tumeelewana kwa vidole.

Kazi yako unaikabidhi lini? Kama bado kuna siku, futa neno "unaopungua" kwenye kichwa cha habari, na ile jedwali yako ianzie 1980. Ukija sikukuu ya Shukrani niletee mzani kutoka Chicago, ule wa kilo hamsini. Huu wa kwangu unawaibia wateja nusu ratili na mimi ndiye ninayeona aibu. Na uje na viatu vya kazi, tutapaka rangi.

Mama yako