Kaka, karakana niliihamisha mimi

Kaka yangu,

Tangu tumzike Mjomba hujanipigia, na simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa. Ndiyo, ramani ya kituo chetu cha mianzi niliibadili bila kukuambia.

Ila siku ile siisahau. Ramani imekunjuliwa mezani, Mjomba kaja na kisu chake na mwanzi mmoja. Akaugonga kwa mgongo wa kisu, akausikiliza. Akautia makali kwenye kifundo cha juu, akaupasua mara mbili, nne, nane, mpaka zikabaki fito nyembamba zinazokunjika bila kukatika. Huku anaeleza: huu una miaka 4, ndiyo maana unalia hivi, wa mwaka 1 umeshafika urefu huu huu lakini bado mchanga, ukiujengea utanywea. Wewe ukatupia saa jicho, ukasema, "Mzee tutamweka mlangoni, wageni wapige picha naye."

Mjomba akakusanya fito zake, moja moja. Hukumsindikiza hata hadi nje. Mlangoni, kaka? Yule aliyekufundisha kutoboa filimbi, nawe ukanitobolea yangu?

Jicho la jengo unalo, sijawahi kulikana. Nguzo ulizozichora juu ya mawe zisinyonye unyevu, paa la upenu mpana linalozikinga na mvua na jua, yote ni yako, na yote nimeyaacha kama yalivyo. Uliponionyesha picha za banda la mianzi la msanifu majengo Simón Vélez katika maonyesho ya Hannover, Ujerumani, ya 2000, nilikesha nikizitazama. Lakini kumbuka banda lile alilijenga kwanza kwao Kolombia, mjini Manizales, kwa ukubwa ule ule, likajaribiwa kwa mizigo ndipo Wajerumani wakaruhusu. Mchoro peke yake haukuwatosha. Mimi ungenitoshaje?

Ndiyo maana nikautoa ukumbi wa maonyesho pale katikati, nikaweka karakana. Mgeni aione mianzi ikilowekwa kwenye birika la boraksi, dawa ya kuzuia wadudu, aelewe kwamba wanga uliomo ndani ndio unaowaita wadudu. Mtoto wa shule apasue ufito wake mwenyewe, hata ukimharibikia. Na mwenye kisu akae katikati, afundishe. Ningekuuliza ungekataa, na Mjomba alikuwa keshaanza kukohoa usiku kucha. Ningengoja nini? Aliiona ile ramani kabla hajafa, kaka. Aliweka kidole pale penye karakana, akakiacha hapo muda mrefu.

Ukianza kujenga, na najua utajenga, usimruhusu fundi apigilie misumari; mwanzi utapasuka kufuata nyuzi zake. Atoboe, atie bolti, na pingili ile aijaze saruji. Na uwe unakula kwa wakati, kazi ikikushika hukumbuki.

Kisu chake kiko kwangu. Mpini umelegea kidogo, sijathubutu kuukaza. Njoo ukichukue, au niambie nikuletee.